Mzee Chui na Kundi la Faraja

Kaeni. Ngolo, geuka huku. Vishikwambi vizimeni, muvilaze kifudifudi mezani. Nimesema zima, Limi, sikusema funika kwa kiganja.

Nimepewa kitini cha kurasa arobaini na mbili niwafundishe matumizi salama ya mtandao. Nimekisoma chote. Kina michoro mizuri. Leo nimekiacha kwenye droo nije niwapigie ngano, maana kuna jambo kitini hakilisemi na mimi limenikaa kooni. Mnajua tunavyoanza humu ndani.

Hadithi inakuja!

*Ije, tumeketi.*

Ina meno!

*Ituume, tuna ngozi.*

Ikiuma siitoi!

*Tutaitoa wenyewe.*

Haya. Mnaitikia vizuri, tutaona huko mbele.

Zamani, siyo zamani sana, wanyama wa Mto Mkavu walikuwa na simu. Msiniulize walizipata wapi wala walizichaji vipi. Anayetaka habari za chaji aende kwa mwalimu wa sayansi.

Wanyama hao walikuwa na desturi moja waliyoirithi kwa mabibi zao. Mwenzao akifa, wote wanakwenda kuzika. Usipokwenda, unatoa udhuru, na udhuru wa kule haukuwa neno moja. Ulitakiwa useme uko wapi, uko na nani, na nini kimekuzuia. Asiyetoa udhuru alisemwa yeye na wajukuu zake. Enzi hizo udhuru ulipelekwa kwa miguu mpaka mlangoni kwa mfiwa, naye aliusikia peke yake. Simu zilipokuja wakaona wanajitesa bure. Wakaunda kundi, wakaliita Kundi la Faraja, udhuru ukawa unaandikwa humo na kusomwa na wote.

Mwenyekiti wa kundi alikuwa Mzee Chui.

Naona Limi umekunja uso. Unataka kuuliza, kwani hawakujua kuwa Chui ni chui? Walijua sana. Lakini ndani ya simu Chui hakuwa na meno. Picha yake ilikuwa ua jeupe lenye umande, na chini yake kaandika: Tupendane tungali hai. Tena alijua kuandika pole kuliko wote. Pole yake ilikuwa ndefu, ina marehemu, ina familia, ina mahali pema peponi. Wanyama wakiisoma wanalia. Mwenye kuliza watu namna ile, wakasema, ana moyo.

Sasa siku moja Mbuzi Mawe aliteleza mwambani akafa. Kilikuwa kifo cha kawaida, hakikuwa na mkono wa mtu. Ti-ti-tii, simu zikalia. Maziko ni kesho. Pwa, pwa, pwa, pole zikamiminika. Ngiri akaandika: "Poleni wafiwa. Mimi sitafika. Niko shimoni kwangu chini ya mkwaju, mgongo unaniuma, na mke wangu kaenda kwao."

Chui akasoma. Akalamba pua. Akasoma tena. Akaandika: "Pole sana, ndugu yangu Ngiri. Pumzika." Halafu nyata, nyata, nyata. Kwapu.

Kesho yake, ti-ti-tii. "Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha ndugu yetu Ngiri. Chanzo cha kifo: mgongo."

Pwa, pwa, pwa, pole zikamiminika. Mama Nyati akaandika: "Poleni. Mimi nitafika, ila ndama nimemwacha mtoni, ana kikohozi."

Chui akasoma. Akalamba pua. Akasoma tena. Akaandika: "Apone haraka, malaika wa watu." Halafu nyata, nyata, nyata. Kwapu.

Kesho yake, ti-ti-tii. "Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha ndama wa Mama Nyati. Chanzo cha kifo: kikohozi."

Hapo Sungura akaandika. Ndiyo, Sungura huyo huyo mnayemjua. Akaandika: "Jamani, mbona wanaokufa ni hao hao wanaoandikwa humu kuwa wako wapi?"

Lahaula, ilikuwa kama kapiga mzinga wa nyuki. Kima akamwambia hana utu. Fungo akamwambia hajawahi kufiwa ndiyo maana. Nungunungu akamwambia amheshimu mama aliyepoteza mtoto. Chui hakumgombeza. Aliandika kwa upole kabisa: "Ndugu zangu, tusikasirike. Ila tuweke kanuni. Anayebisha kifo anamtukana maiti, na anayemtukana maiti hakai na sisi." Vidole gumba vikapanda juu mpaka skrini ikajaa. Sungura akaondolewa kwenye kundi. Hadithi yangu inaendelea bila yeye, na ninyi mliokuwa mnamsubiri aje kuokoa watu, poleni.

Sasa kulikuwa na mwalimu, Mwalimu Pimbi. Usicheke, Ngolo. Najua mnavyoitana pimbi huko uwanjani. Pimbi ni mfupi, miguu yake mifupi, hana mkia wa maana, na ndiye aliyewafundisha wanyama wote wa Mto Mkavu kusoma na kuandika. Kwa kuwa ndiye aliyejua kuandika zaidi, wakamfanya katibu wa kundi. Alikuwa mkali wa jambo moja. Ukimuuliza mwanafunzi wake, "Uko wapi?" akajibu, "Mtoni," anachapwa kwa macho. Anatakiwa aseme, "Niko mtoni, mwalimu, karibu na jiwe kubwa." Jibuni kwa sentensi kamili. Ndivyo alivyofundisha, na ndivyo nilivyofundisha na mimi miaka ishirini na sita.

Mwanafunzi wake bora alikuwa Mwanne, binti wa Digidigi. Mwanne alikuwa mdogo kiasi kwamba akisimama kwenye majani unaona masikio tu. Lakini mwandiko wake ulinyooka. Hakusahau nukta. Hakuanza barua bila salamu. Mwalimu Pimbi alimpenda wazi wazi, jambo ambalo mwalimu hatakiwi kufanya, na alifanya.

Ikaja zamu ya Kanga. Kanga alitoa udhuru wa kutofika maziko ya ndama: "Nimelalia mayai, niko nyuma ya kichuguu chekundu, baba watoto hayupo." Chui akasoma. Akalamba pua. Mnajua. Chanzo cha kifo: mayai.

Kwenye maziko ya Kanga hapakuwa na cha kuzika ila manyoya matatu. Wanyama wakayachimbia kaburi dogo. Mwalimu Pimbi yuko hapo, Mama Nyati yuko hapo na ukoo wake mzima, wamenuna. Jua la saa sita linachoma. Ti-ti-tii, udhuru ukaingia.

"Shikamooni nyote. Mimi Mwanne, binti wa Digidigi, sitafika mazikoni kwa kuwa nimeteguka mguu wa nyuma wa kushoto. Niko katika pango la pili juu ya Bonde la Upupu. Niko peke yangu kwa sababu mama yangu amekuja kuzika. Ninaomba radhi."

Mwalimu Pimbi akasoma, na jambo la kwanza alilofanya, Mungu amsamehe, ni kutafuta makosa. Hakuona. Moyo wake ukafurahi. Kisha macho yakarudi kwenye neno "peke yangu," na manyoya ya shingoni yakamsimama. Akakumbuka swali la Sungura. Akainua kichwa, akaangalia waombolezaji mmoja mmoja. Mwenyekiti hakuwapo. Na kila msiba aliokumbuka, aliyeutangaza hakuwahi kufika kuzika.

Ti-ti-tii. "Pole sana, binti yangu Mwanne," ameandika Chui. "Pumzika."

Kutoka pale kaburini mpaka pangoni ni milima miwili. Miguu ya Pimbi ni ile niliyowaambia. Akipiga kelele, watu watasema anambishia mwenyekiti msibani, wataanza kubishana, na wakimaliza kubishana mtoto keshaliwa. Pimbi alikuwa na simu mkononi na muda wa Chui kupanda mlima mmoja. Akafikiri: huyu mzee anapenda nini kuliko nyama? Akajua. Anapenda kusomwa.

Kwenye kundi kulikuwa na picha ya Chui amelala juu ya tawi, miguu inaning'inia, macho yamefumbwa. Aliirusha mwenyewe wiki iliyotangulia, na maneno: Mapumziko kidogo baada ya kuwahudumia ndugu zangu. Pimbi akaichukua picha ile, akaandika chini yake:

"Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha mwenyekiti wetu mpendwa, Mzee Chui, kilichotokea ghafla leo asubuhi. Chanzo cha kifo: huruma nyingi. Katibu."

Pwa, pwa, pwa, pwa, pwa. Pale pale kaburini waliokuwa wakimlilia Kanga wakahamia kumlilia Chui, hawakufuta hata machozi ya kwanza. Hakuna aliyeuliza aliyekufa asubuhi kaandikaje pole saa sita. Kuuliza ni kumtukana maiti.

Huko Bonde la Upupu Chui alikuwa amebakiza mwinuko mmoja. Nyata, nyata, ti-ti-tii. Akasimama. Nyata, ti-ti-tii. Akakaa kitako kwenye njia nyembamba, akafungua simu, akajikuta amekufa.

Kwanza alicheka. Kisha akaanza kusoma pole zake. Kima: "Tumepoteza nguzo." Nungunungu: "Alikuwa baba wa wote." Chui akaguswa. Akasogea kivulini asome vizuri. Alisahau kabisa kuna pango.

Halafu Kima akaandika: "Jamani, kiti kisikae wazi. Mimi nipo tayari kuongoza."

Chui akachachamaa. Akaandika: "Mimi ni mzima!"

Kima: "Nani anachezea simu ya marehemu?"

Fungo: "Hana utu. Sungura tulimwondoa kwa kidogo kuliko hiki."

Chui: "Nawaambia ni mimi! Mimi ndiye marehemu!"

Nungunungu: "Basi pumzika kwa amani."

Kucha zikaanza kumtoka Chui zenyewe, akawa anakwaruza skrini. Hapo Mwalimu Pimbi akaandika, akafuta mara mbili, akaandika tena: "Shikamoo, mzee. Mimi katibu nakuamini. Lakini desturi unaijua kuliko sisi. Leo kuna maziko yako na wewe hujafika. Toa udhuru kama wengine. Sema uko wapi, uko na nani, na nini kimekuzuia. Weka na picha ili watu watulie."

Chui, kwa hasira zile, akajipiga picha na kuandika: "Niko Bonde la Upupu, kwenye njia nyembamba, chini ya pango la pili. Niko peke yangu. Kilichonizuia ni kwamba sijafa."

Sentensi kamili.

Mwalimu Pimbi hakuandika tena. Alikwenda mpaka kwa Mama Nyati, akainua simu juu kadiri mkono wake ulivyofika. "Mama Nyati, mimi macho yangu mabovu. Niangalizie hapa kwenye ndevu za mzee. Ni nini hiki?"

Yalikuwa manyoya mawili meusi yenye vitone vyeupe. Mama Nyati akatazama picha. Akatazama kaburi lenye manyoya matatu. Ukoo wake wote ukawa unamsubiri.

"Mwanangu hakuwa mgonjwa," akasema. "Kilikuwa kikohozi cha vumbi tu."

Hawakuaga. Waliondoka. Tidi, tidi, tidi, mlima wa kwanza. Tidi, tidi, tidi, mlima wa pili. Ardhi ya Bonde la Upupu ikatikisika, vijiwe vikaporomoka, na chui yeyote mwenye akili timamu angekuwa keshapanda mti. Lakini huyu alikuwa kainamia simu. Kima alikuwa kaandika neno baya kuhusu mama yake, na Chui alikuwa anatafuta jibu. Alisikia kishindo, akanyanyua kidole kimoja bila kunyanyua kichwa.

"Subirini," akasema. "Namalizia."

Du. Simu ikaokotwa baadaye imepasuka kioo. Alikuwa ameandika: Mimi ni mz.

Sasa mnataka kupiga makofi. Naona mikono. Wekeni chini, kwanza sijamaliza.

Jioni ile wanyama walikutana, Mwalimu Pimbi akasimama juu ya jiwe ili aonekane. Akawaeleza yote, kuanzia kwa Ngiri. Akawaambia: "Mimi ndiye niliyekosea. Niliwafundisha kuandika, sikuwafundisha kunyamaza. Kuanzia leo, udhuru hauandikwi kwenye simu. Asiandike mtu yuko wapi, asiandike mtu yuko peke yake. Mmenielewa?"

Wakasema wameelewa. Wakatikisa vichwa. Waliokuwa mbali wakatuma kidole gumba. Na mwalimu akiona vichwa vinatikisika anarudi nyumbani amefurahi. Nimeshawahi kurudi nyumbani hivyo, mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Kwenye mkutano huo alikuwapo Fisi. Alikuja kwa ajili ya mzoga wa Chui, akaula, akafuta mdomo, kisha akakaa na wengine akalia kwa sauti kuliko wote. Akaomba aingizwe kwenye kundi. Pimbi akakataa. Kima akasema, "Mwalimu, naona umeanza mambo ya Sungura. Mgeni kalia na sisi msibani, unamfungia mlango?" Wakapiga kura kwa vidole gumba, Fisi akaingia. Picha yake ilikuwa jua linachomoza.

Siku tatu zikapita, hakufa mtu. Siku ya nne asubuhi Mwalimu Pimbi yuko upande wa pili wa mlima anatafuta majani. Ti-ti-tii.

"Shikamoo, mwalimu wangu. Mimi Mwanne ninakushukuru kwa kuniokoa. Sikupata nafasi ya kukushukuru kwa sababu bado niko katika lile pango la pili, na mguu haujapona. Ninakupenda."

Kaandika kwenye kundi. Watoto, aliandika kwenye kundi. Hakujua njia nyingine ya kushukuru, maana shukrani ya siri kwao ilihesabika kama hujashukuru. Pwa, pwa, pwa, mioyo na vidole gumba. Wakamsifu kwa adabu yake. Mama yake akaweka ua.

Fisi akaandika: "Pole na mguu, mwanangu. Mama yupo hapo anakuangalia?"

Pimbi akaandika upesi: "Mwanne, usimjibu. Nyamaza." Fungo akamrukia kwamba si vizuri mwalimu kumfundisha mtoto kutojibu wakubwa. Nungunungu akasema mgeni ataonaje. Na katikati ya maneno yao likaingia jibu la Mwanne, limenyooka: "Shikamoo, mzee. Mama yangu amekwenda kisimani na atarudi alasiri."

Pimbi akatupa majani. Akakimbia. Mlima mzima alikimbia na miguu ile, akaanguka, akaamka, akakimbia. Simu inalia mkononi, haitazami. Alipofika pango la pili lilikuwa wazi na kimya. Akaita. Akaingia mpaka mwisho. Palikuwa na majani ya kulalia, bado yana joto, na simu ya Mwanne imelala juu yake, inawaka. Ujumbe wa mwisho alikuwa amemwandikia yeye, na safari hii ni yeye peke yake: "Mwalimu, usiwe na wasiwasi. Mzee Fisi amefika kunijulia hali. Nimemkaribisha ndani."

Pimbi akakaa chini.

Kesho yake, ti-ti-tii. "Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha binti yetu Mwanne. Chanzo cha kifo: mguu," ameandika Fisi. Pole ikafuata pole. Mama Digidigi akaandika kwamba maziko yatakuwa saa saba, na asiyefika atoe udhuru. Wakatoa. Walitoa wote, mmoja mmoja, uko wapi, uko na nani, nini kimekuzuia.

Hadithi naitua hapa!

*Tumeipokea.*

Ni nzito!

*Tumejitwika.*

Mgongo ni wenu!

*Ni wetu.*

Sasa mafunzo, maana ngano bila funzo mkaguzi hataki. Funzo la ngano hii ni kwamba mtoto awe na adabu. Mkubwa akikuuliza uko wapi, mjibu upesi na kwa sentensi kamili, hata kama humjui, hasa kama humjui. Mwenye picha ya ua ni mtu mwema. Mwenye picha ya jua ni mwema zaidi. Taarifa iliyopendwa na wengi ni ya kweli, na anayeuliza maswali msibani aondolewe. Ndivyo watoto wazuri wa Mto Mkavu walivyoishi mpaka walipokwisha.

Mbona mmeinama? Mnafanya nini?

Mnaandika.

Ngolo, umeandika na wewe? Hebu simama unisomee.

Naam. Naam. Endelea. Mpaka hapo kwenye jua. Haya, kaa. Umeandika yote, mwanangu, na hujasahau hata nukta.